Kumpima mjamzito homa ya ini B: kuanzia tone la damu hadi chanjo ya saa 24

Kati ya watoto 100 wanaoambukizwa virusi vya homa ya ini B wakati wa kuzaliwa, takriban 90 hubaki navyo maishani. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda wenyewe. Chini ya watu 5 katika 100 ndio hubaki navyo. Ndiyo maana wengi wa wagonjwa wa ini wanaoletwa wodini wakiwa na miaka 35 au 45, tumbo limejaa maji au ini limeota saratani, waliambukizwa siku ya kuzaliwa au wakiwa bado wadogo. Nafasi ya kuwakinga ilipita kliniki ya wajawazito na leba.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B sugu. Asilimia 63 ya maambukizi mapya yalitokea katika kanda ya Afrika ya shirika hilo, na katika kanda hiyohiyo ni asilimia 18 tu ya watoto wachanga waliopata chanjo ya siku ya kuzaliwa.

Mwongozo huu ni wa muuguzi, mkunga na mtu wa maabara katika zahanati au kituo cha afya. Mama mjamzito na mwenzake nao wausome, wajue cha kudai. Kipimo chenyewe ni chepesi. Kinachoharibika mara nyingi ni safari ya jibu: limeandikwa kwenye daftari la kliniki, leba hawakuliona, na mtoto ametimiza siku tatu ndipo mtu anauliza chanjo iko wapi.

Nani apimwe, na lini

Kila mjamzito, katika hudhurio la kwanza, pamoja na VVU na kaswende. Usichague kwa macho. Mwenye virusi hivi kwa kawaida hana dalili yoyote. Macho ya njano huonekana kwa wachache, na mara nyingi kwa sababu nyingine kabisa. Tanzania ilianza kuweka chanjo ya homa ya ini B kwenye ratiba ya watoto wachanga mwaka 2002, kwa hiyo mama aliyezaliwa kabla ya hapo ana uwezekano mkubwa hakuchanjwa utotoni. Aliyezaliwa baadaye naye apimwe: huenda alikosa dozi, au aliambukizwa kabla ya kufikia dozi ya kwanza.

Mama ambaye tayari ana majibu ya chanya ya miezi mingi iliyopita hana haja ya kurudia kipimo hiki. Mpeleke moja kwa moja kwenye kupima wingi wa virusi.

Kuna mtego mmoja wa kuangalia. Chanjo ya homa ya ini B ina antijeni (protini ya kirusi) ileile inayotafutwa na kipimo, na mtu aliyechanjwa anaweza kusoma chanya hadi siku 18 baada ya sindano bila kuwa na maambukizi. Muulize mama kama amechanjwa karibuni. Na unapopanga kumchanja, pima kwanza, sindano baadaye.

Akifika leba bila majibu yoyote, mpime hapohapo. Usisubiri jibu ndipo umchanje mtoto. Chanjo ya siku ya kuzaliwa ni haki ya kila mtoto, mama awe chanya au hasi.

Kupima kwa tone la damu ya kidole

Unachotafuta ni HBsAg, antijeni ya ganda la nje la kirusi. Andaa kipimo cha haraka, lanseti, mrija wa kupimia damu, bafa (kimiminika cha kusukuma damu) iliyokuja na kipimo hicho, pamba, spiriti, glavu, sefti boksi na saa ya kuhesabu dakika. Kiasi cha damu, matone ya bafa na muda wa kusoma hutofautiana kati ya aina moja na nyingine, kwa hiyo karatasi iliyo ndani ya pakiti ndiyo ya kufuata. Vipimo vingi hutaka mikrolita 50 za damu na dakika 15 au 20.

1. Angalia tarehe ya kuisha muda na hali ya pakiti. Vipimo vingi hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 30 za Selsiasi. Kilichokuwa kwenye friji kiache mezani kipate joto la chumba kabla ya kufungua. Kikifunguliwa kingali baridi, unyevu hutua juu ya kitepe.
2. Andika namba ya mama kwenye kipimo kabla ya kumtoboa. Ukiandika baadaye, na vipimo vinne vimepangwa mezani, siku moja utabadilisha majibu ya watu wawili.
3. Vaa glavu. Chagua kidole cha kati au cha pete cha mkono asioutumia sana. Pakaa spiriti, uache ikauke yenyewe.
4. Toboa pembeni mwa ncha ya kidole, si katikati. Futa tone la kwanza kwa pamba kavu, kisha ngojea tone la pili likue lenyewe mkono ukiwa umeteremka chini ya usawa wa moyo.
5. Gusa tone kwa mrija, damu ijivute hadi kwenye alama, kusiwe na povu. Iweke mahali pa sampuli.
6. Acha damu inyonywe, halafu dondosha bafa ukiwa umeisimamisha chupa wima. Chupa iliyoinamishwa hutoa tone dogo.
7. Washa saa. Soma ndani ya muda ulioandikwa, kwenye mwanga wa kutosha, wala usisome baada ya muda huo kupita.

Mstari wa C (wa kuhakiki kipimo) peke yake ni hasi. Mstari wa C na wa T (wa jibu la mama) ni chanya, hata kama ule wa T umefifia kiasi cha kukufanya ukisogeze kipimo dirishani. Mstari hafifu ni mstari. Usimwandikie mama "hasi" kwa kuwa hukupenda rangi yake. Ukisita, mwite mwenzako asome bila kumwambia ulichokiona wewe. Mstari wa C usipotokea, kipimo ni batili hata kama T imeonekana: rudia kwa kipimo kipya.

Makosa yanayojirudia ni machache na yana sababu. Kidole kikiminywa sana, damu huchanganyika na maji ya mwilini, antijeni ikawa chache kuliko kawaida, na jibu la hasi likawa la uongo. Damu pungufu hufanya vivyo hivyo. Bafa ya pakiti nyingine, hata ikiwa ni ya kipimo cha kampuni ileile cha ugonjwa mwingine, huharibu mtiririko. Kusoma mapema hukosesha wale wenye antijeni kidogo, na kusoma baada ya saa nzima huleta kivuli cha mstari kilichotokana na kitepe kukauka. Hilo la mwisho ndilo tunalolisisitiza zaidi, maana kliniki ikijaa watu, vipimo husahaulika mezani.

Katika maeneo ambako maambukizi yamefikia asilimia 0.4 ya watu au zaidi, Shirika la Afya Duniani linakubali kipimo kimoja cha HBsAg kitoe jibu. Afrika Mashariki imo humo. Huhitaji kumzungusha mama kwa kipimo cha pili ndipo uanze kumhudumia.

Lanseti na mrija viingie sefti boksi papo hapo. Mtu asiye na kinga akichomwa na sindano yenye damu ya homa ya ini B, hatari ya kuambukizwa ni kati ya asilimia 6 na 30. Kwa VVU ni kama asilimia 0.3. Kirusi hiki huishi nje ya mwili angalau siku 7, hata kwenye damu iliyokauka. Mtumishi wa leba ambaye hajakamilisha dozi zake tatu anajiweka hatarini kila zamu.

Kumpa mama majibu

Jibu likiwa hasi, mwambie maana yake ni kwamba leo hakuna virusi vilivyoonekana. Kama mume wake ana virusi, kama ana VVU, au kama kazi yake inamkutanisha na damu, mpe chanjo. Ni salama katika ujauzito. Dozi ya mtu mzima ni mililita 1 kwenye msuli wa bega, mara tatu: leo, baada ya mwezi mmoja, na mwezi wa sita. Aliyekuwa kwenye hatari wiki chache zilizopita apimwe tena baadaye, kwa sababu kati ya kuambukizwa na kipimo kuonyesha hupita wiki kadhaa.

Jibu likiwa chanya, funga mlango, kaa chini, uzungumze kwa maneno mepesi. Kitu kama hiki:

"Mama, kipimo kimeonyesha una virusi vya homa ya ini B. Watu wengi wenye virusi hivi hawajisikii kuumwa, na pengine wewe ulivipata ukiwa mtoto mdogo. Hiki si kipimo cha UKIMWI, wala hakisemi kwamba wewe au mwenzako ametoka nje ya ndoa. Tutachukua damu nyingine tujue virusi ni vingi kiasi gani. Mtoto akizaliwa tu, anachanjwa siku hiyohiyo. Na utamnyonyesha kama kawaida."

Kisha mrudishie swali: "Ukifika leba, utamwambia nini mkunga?" Hujamaliza kazi mpaka mama mwenyewe aseme: "Sista, nina homa ya ini B, mtoto wangu achanjwe leo." Zamu zikibadilika na kadi ikisahaulika nyumbani, sentensi hiyo ndiyo itakayomwokoa mtoto.

Andika kwenye kadi ya kliniki, palepale panapoandikwa majibu ya VVU na kaswende: HBsAg chanya, tarehe, sahihi. Chini yake andika mpango: dawa imeanza lini, chanjo ndani ya saa 24. Mweleze mama unachoandika na sababu yake. Halafu fungua daftari dogo la wajawazito wenye HBsAg chanya, lipangwe kwa mwezi wa matarajio, nakala ikae leba. Kila Jumatatu mtu mmoja mwenye jina lake kwenye ratiba aangalie nani anakaribia. Kituo kinachoshika daftari hili kwa uaminifu huzuia maambukizi mengi kuliko kile chenye mashine nzuri na makaratasi yaliyotawanyika.

Damu ya pili: virusi ni vingi kiasi gani

Hatari kwa mtoto inategemea wingi wa virusi katika damu ya mama. Bila kinga yoyote, mama mwenye antijeni ya HBeAg, ambayo ni dalili ya virusi vinavyozaliana kwa wingi, humwambukiza mtoto katika asilimia 70 hadi 90 ya uzazi. Asiye nayo, asilimia 10 hadi 40.

Chukua mililita 4 au 5 za damu kwenye chupa ya kizibo cha zambarau yenye EDTA, tenganisha plazma ndani ya saa 24, uipeleke ikiwa baridi. Mashine ya GeneXpert, ileile inayopima kifua kikuu, ina katriji ya kupima wingi wa virusi vya homa ya ini B. Uliza hospitali ya wilaya kama katriji hizo zipo kabla ya kumtuma mama mbali. Omba pia ALT na AST (vimeng'enya vya ini), chembe sahani, kreatinini (ya figo), na kipimo cha VVU kama hana cha karibuni.

Kizingiti cha kumpa mama dawa ni 200,000 kwa vipimo vya IU kwa mililita. Hapa watu huteleza. Baadhi ya maabara hutoa jibu kwa kopi, na IU 1 ni karibu kopi 5, kwa hiyo 200,000 IU ni kama kopi milioni moja. Nyingine huandika logi, na hapo kizingiti ni 5.3. Soma kizio kwanza, ndipo usome namba.

Hali ya ini la mama mwenyewe unaweza kuikadiria bila mashine ya gharama, kwa hesabu ya APRI: gawanya AST kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara yako (mara nyingi 40), zidisha kwa 100, gawanya kwa chembe sahani. AST ikiwa 36 na chembe sahani 210, unapata 0.9 mara 100, gawanya kwa 210, yaani 0.43. Zaidi ya 0.5 inaashiria makovu kwenye ini. Zaidi ya 1 inatia shaka ya sirosisi (ini lililojaa makovu), na mama huyo aende kwa daktari wa hospitali kubwa. Ila kumbuka ujauzito wenyewe unaweza kushusha chembe sahani na kuipandisha namba hii, kwa hiyo irudie miezi michache baada ya kujifungua. AFP, kipimo cha damu kinachosaidia kutafuta saratani ya ini, usikiombe sasa: hupanda kwa kila mjamzito.

Tenofovir: nani apewe, na jinsi ya kuitoa

Mama mwenye virusi 200,000 IU au zaidi, au mwenye HBeAg chanya pale ambapo wingi haupimiki, apewe tenofovir, dawa ya kupunguza virusi, 300 mg, kidonge kimoja kwa siku, kuanzia muhula wa pili wa ujauzito. Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2024 iliongeza jambo lenye faida kubwa vijijini: pale ambapo hakuna kipimo cha wingi wala cha HBeAg, mama yeyote mwenye HBsAg chanya anaweza kufikiriwa kupewa dawa hii. Tenofovir peke yake isipopatikana, kidonge chenye tenofovir na lamivudini kinafaa.

Sababu ya kuanza mapema ni kwamba virusi huhitaji wiki kadhaa kushuka. Anayefika na wiki 36 bado aanze leo, lakini asidanganyike kwamba dawa itamaliza kazi. Uzito wote unahamia kwenye chanjo ya mtoto.

Kabla ya kidonge cha kwanza, hakikisha mambo mawili. La kwanza ni VVU. Tenofovir peke yake kwa mwenye VVU asiyejulikana huzaa usugu, na hiyo ni hasara isiyorudi. Mama mwenye VVU atumie dawa zake za kawaida zenye tenofovir na lamivudini, ambazo hupambana na virusi vyote viwili; asihamishiwe kwenye mchanganyiko usio na tenofovir bila daktari kujua kuna homa ya ini B. La pili ni figo: kreatinini ikiwa juu, wasiliana na daktari.

Dawa humezwa na chakula au bila chakula. Kichefuchefu cha siku za mwanzo hupoa. Akimeza usiku anapolala husaidia. Akisahau, ameze akikumbuka siku hiyohiyo, asimeze viwili kesho.

Dawa huendelea angalau hadi kujifungua, au hadi mtoto amalize chanjo zake. Wale ambao ini lao lenyewe linahitaji tiba hawaachi kabisa. Anayeacha afuatiliwe kwa ALT kwa miezi 6, kwa kuwa virusi vinaweza kurudi kwa kishindo na kulivimbisha ini. Mwambie arudi haraka akiona mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, macho ya njano, au uchovu usio wa kawaida.

Mabibi na majirani watamletea dawa za kusafisha ini. Mkataze kwa upole na kwa uwazi: ini lenye virusi halihitaji mzigo mwingine. Pombe aache. Mahindi na karanga zilizoota ukungu azitupe, asizikoboe wala kuzikaanga ili kuziokoa, kwa sababu sumukuvu haiishi kwa moto wa jikoni, na ikikutana na homa ya ini B huongeza sana hatari ya saratani ya ini.

Leba

Homa ya ini B peke yake si sababu ya upasuaji. Mama ajifungue kwa njia ya kawaida kama hakuna kikwazo kingine. Epuka kinachochubua ngozi ya mtoto au kumwaga damu bila lazima: kuongeza njia kwa mazoea, na vifaa vya kuvuta kichwa pasipo sababu. Mtoto akitoka, mpanguse vizuri damu na majimaji, hasa mapajani, kabla ya sindano yoyote kupita kwenye ngozi hiyo, ikiwemo ya vitamini K.

Damu iliyomwagika ifunikwe kwa maji ya klorini ya asilimia 0.5 kwa dakika 10. Jiki ya asilimia 3.5 unaichanganya kikombe kimoja kwa vikombe 6 vya maji. Tengeneza mpya kila siku.

Sindano ya saa 24

Chanjo ni ile ya homa ya ini B peke yake, mililita 0.5, kwenye msuli wa paja, upande wa mbele kuelekea nje. Si kwenye tako, ambako mafuta huzuia kinga na mshipa mkubwa wa fahamu uko karibu. Penta, chanjo ya mchanganyiko ya watoto, haiwezi kuchukua nafasi yake. Haitolewi kabla ya wiki 6.

Lenga saa 24, na kila saa ndani ya hizo ina thamani, kwa sababu chanjo inashindana na kirusi ambacho tayari kimeingia. Muda ukipita, chanja tu, hata siku ya tatu au ya tano. Nguvu yake inapungua lakini haijafika sifuri. Kosa baya kuliko kuchelewa ni kumwambia mama "sasa imepita, subiri wiki 6".

Mahali inapokwama panajulikana. Friji ya chanjo iko kliniki ya watoto, inafungwa saa tisa alasiri, funguo anaondoka nazo mtu mmoja, na mtoto anazaliwa Ijumaa usiku. Dawa yake ni kuweka chanjo chache kwenye friji ya leba au kuacha funguo ya pili kwa mkunga wa zamu. Pengine pia chupa ni ya dozi 10, na mkunga anaona aibu kuifungua kwa mtoto mmoja. Aifungue. Chupa ya chanjo hii ikishafunguliwa inaweza kutumika hadi siku 28, mradi imekaa kati ya nyuzi 2 na 8, haijaingia maji wala uchafu, tarehe haijapita, na alama ya VVM (ya joto, kwenye chupa) iko sawa: mraba wa ndani uwe mweupe kuliko duara linalouzunguka. Andika tarehe ya kufungua kwenye chupa.

Joto kidogo chanjo hii hulivumilia. Barafu ndiyo huiua. Usiigusishe na ukuta wa friji wala na pakiti ya barafu iliyotoka kwenye friza. Ukishuku imeganda, tikisa chupa hiyo pamoja na nyingine uliyoigandisha makusudi na kuiyeyusha, uziweke mezani. Ile inayotuama haraka kama ile ya mfano, chembe zikashuka chini na maji maangavu yakabaki juu, itupwe.

Ikipatikana sindano ya kingamwili za homa ya ini B, mtoto wa mama mwenye virusi apewe mililita 0.5 kwenye paja la pili ndani ya saa 12. Ni ghali na vituo vingi hawana. Chanjo isisubiri hata dakika moja kwa ajili yake.

Mtoto aliyezaliwa na uzito chini ya gramu 2,000 naye achanjwe, ila dozi hiyo usiihesabu kwenye mfululizo. Bado anahitaji tatu kamili. Aliyezaliwa nyumbani aletwe siku hiyohiyo. Familia inayosubiri arobaini kabla ya mtoto kutoka nje iambiwe mapema, wakati wa ujauzito, na mbele ya bibi mwenye usemi nyumbani, kwamba mtoto huyu anatoka siku ya kwanza kwa ajili ya sindano kisha anarudi ndani.

Baada ya hapo Penta ya wiki 6, 10 na 14 inamalizia kazi. Dozi ya kuzaliwa bila hizi tatu ni kinga nusu.

Kunyonyesha na watu wa nyumbani

Mama anyonyeshe, akiwa kwenye tenofovir au la. Chuchu zikichanika, rekebisha mtoto anavyoshika titi. Mtoto aliyechanjwa hana sababu ya kuachishwa.

Mume na watoto wengine wote wapimwe. Waliokutwa hasi wachanjwe. Kula sahani moja, kukumbatiana na kupikiana hakuambukizi. Wembe, mswaki, mashine ya kunyoa, kipini cha kutogea masikio na wembe wa chale kila mtu awe na chake.

Kumpima mtoto

Hapa wengi huacha, na hapa ndipo unapojua kama kazi yote ilifaulu. Mpime akiwa na miezi 9 hadi 12. Siku ya sindano ya surua ya miezi 9 ni nafasi nzuri maana ataletwa tu. Usimpime mapema, kwa sababu antijeni ya chanjo au kingamwili alizodungwa zinaweza kukupotosha. Pima HBsAg na, ikiwezekana, kingamwili za anti-HBs, zinazoonyesha kinga. Anti-HBc usiiombe: kingamwili hizo huvuka kutoka kwa mama na zinaweza kuonekana kwa mtoto hadi miezi 24 bila yeye kuwa na maambukizi.

HBsAg hasi na anti-HBs 10 au zaidi kwa vipimo vya mIU kwa mililita: mtoto amekingwa. HBsAg hasi na anti-HBs chini ya 10: mrudie chanjo, kisha umpime tena mwezi mmoja au miwili baada ya dozi. HBsAg chanya: andika kwenye kadi yake, mpeleke kliniki ya watoto ya hospitali, urudie kipimo baada ya miezi 6 kuthibitisha kwamba maambukizi ni sugu. Halafu rudi kwenye lile daftari la leba, uangalie saa aliyozaliwa na saa aliyochanjwa. Uandike tofauti yake.